Mtungi una gesi, jenereta inazima: kasi ya mvukizo ni nini?

Jenereta ya gesi imewaka vizuri, friji na pampu zinakwenda, halafu baada ya nusu saa inaanza kukohoa, mwisho inazima. Unautikisa mtungi, bado mzito. Fundi mwenye haraka ataanza na plagi na kabureta. Kabla hajafungua boliti hata moja, pitisha kiganja ubavuni mwa mtungi.

Ukiukuta baridi kupita kiasi, unatoka jasho au umeshika barafu sehemu ya chini, tatizo ni kasi ya mvukizo: wingi wa mvuke ambao mtungi unaweza kuutoa kwa saa. Ndani gesi imekaa kama maji, na jenereta hula mvuke wa juu yake. Kila kilo inayogeuka mvuke hufyonza joto, kilojuli 350 hivi, na joto hilo halina pa kutoka ila kwenye gesi yenyewe na hewa inayougusa mtungi. Jiko la sahani moja hula gramu 200 hivi kwa saa. Jenereta ikitoa kilowati 2, inaweza kufika kilo nzima. Mtungi wa kilo 6 ni mdogo mno kwa ulaji huo. Unapoa, presha inashuka, injini inakufa njaa huku chakula kimo ndani.

Gesi ya majumbani kwetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo propani hutangulia kutoka na mtungi unaokaribia kwisha hubaki na butani, ile nzito isiyovukiza kirahisi penye baridi. Asubuhi ya baridi ya Njombe itakuonyesha jambo ambalo Dar hulioni.

Dawa ni mtungi mkubwa zaidi, au miwili iliyounganishwa pamoja, au kupunguza mzigo. Usiupashe kwa moto, wala usiulaze: gesi ya maji itaingia kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi.

Na kama mtungi hauna ubaridi wowote? Angalia mpira uliojikunja, au koki iliyofunguliwa kwa pupa, maana baadhi ya regyuleta zina kizuizi kinachodhani gesi inavuja na kujifunga. Funga, subiri kidogo, fungua polepole. Regyuleta ya jiko nayo huenda haipitishi gesi ya kutosha.

Ukibaki na shaka, izime jenereta kwa saa moja. Ikiwaka tena na kufia muda uleule, ni mtungi. Ikikataa kuwaka kabisa, hapo mwite fundi wa regyuleta.