Je, wajua? Mdakaji wa besiboli hajui mpira utaangukia wapi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mdakaji wa nje katika besiboli, yule anayesimama mbali kabisa na mpigaji, ana kikokotoo kichwani. Gongo likilia, macho yanapima kasi, ubongo unapiga hesabu, miguu inaambiwa: nenda pale, usubiri. Hata kipa akitoka kudaka krosi nilimfikiria hivyohivyo.

Nilikosea, tena si kidogo. Angekuwa anapajua mahali penyewe, si angenyoosha njia, awahi, asimame? Wadakaji wakichunguzwa, mara nyingi huonekana wakipinda njiani na kufika sambamba na mpira. Mtu mwenye anwani mkononi hazunguki mitaa.

Maelezo yanayokubalika zaidi yaliandikwa mwaka 1968 na mwanafizikia Seville Chapman. Chukulia nyuma ya mpigaji kuna mnara mrefu wa matofali, na wewe unautazama mpira ukipita mbele yake. Ukiwa umesimama pale hasa mpira utakapotua, utauona ukipanda matofali kwa mwendo mmoja, mathalani kumi kila sekunde, bila haraka wala kuchoka. Ukiuona unaongeza kasi ya kupanda, utakupita kichwani: rudi nyuma. Ukiuona unapunguza kasi, utaanguka mbele yako: songa mbele. Kazi yote ni kukimbia kwa namna itakayofanya upandaji huo usibadilike. Na hapa ndipo ninapopapenda: mpira huonekana bado unapanda hata pale ambapo kwa kweli umeshaanza kushuka.

Nahodha wa jahazi anaijua hila ya jamaa hiyo. Chombo kingine kikiganda upande uleule huku kikizidi kukua, mtagongana. Ni wapi hasa, haimhusu. Mwaka 2004 watafiti waliwafunga mbwa kamera kichwani, wakawarushia visahani, wakaona nao hutumia mbinu ya aina hiyo ya kufuata kwa macho. Hesabu za mbwa sote tunazijua.

Tahadhari moja: Chapman aliuacha ukinzani wa hewa nje ya hesabu zake, na mpira halisi hupunguzwa kasi na hewa.

Tahadhari ya pili ina jina: Willie Mays, mdakaji wa nje na nyota wa timu ya New York Giants. Tarehe 29 Septemba 1954, katika mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Cleveland, matokeo yakiwa 2–2, Vic Wertz alipiga mpira uliokwenda zaidi ya mita 120. Mays aliupa mgongo, akatimua mbio kuelekea ukutani, akaudakia juu ya bega.

Sasa, mtu aliyeupa mpira mgongo anahesabu matofali gani? Hapo nadharia inachechemea. Huenda wakongwe huanza na makisio fulani, kisha jicho likamalizia. Mays mwenyewe alieleza baadaye kwamba kuudaka hakukumtia shaka. Njia nzima alikuwa akiwaza namna ya kuurudisha, maana wapinzani wawili walikuwa tayari njiani, kwenye vituo vya kukimbilia kufunga. Aligeuka, akaurusha, kofia ikamtoka, na hakuna aliyefunga.