Pembe pana si umri: namna tunavyomchagua mbogo wa kupigwa

Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa Julai, na wageni wengi hushuka kwenye ndege wakiwa na namba moja kichwani: inchi 42. Huo ndio upana wa pembe ambao mbogo lazima aufikishe ili aingie kwenye kitabu cha kumbukumbu cha Rowland Ward, kitabu kilichoanza kuchapishwa 1892. Mimi ni mwindaji bingwa, yaani ninayewaongoza wageni hao porini. Siku za mwanzo za safari huzitumia kumtoa mgeni kwenye namba hiyo na kumfundisha kumtazama mnyama mwenyewe.

Tatizo la futi kamba ni kwamba humpendelea kijana. Pembe za mbogo dume hutanuka mapema, na akiwa na miaka mitano au sita huenda upana wake umeshafika mwisho. Baada ya hapo ncha zinaanza kulika: anachimba nazo udongo, anasugua miti, anapigana. Mzee wa miaka 12 anaweza kuwa na pembe fupi, butu, moja imevunjika, na futi ikamnyima inchi kadhaa alizokuwa nazo ujanani. Ukichagua kwa upana peke yake, utampiga dume anayeanza tu kupanda majike na kumwacha yule aliyekwisha maliza kazi hiyo. Ukirudia hivyo misimu kadhaa katika kitalu kimoja, yaani eneo moja lililotengwa kwa uwindaji, utajikuta una makundi makubwa yenye majike na ndama wengi, na madume ya maana hayaonekani.

Kwa hiyo tunatazama shina, yaani pale pembe mbili zinapotoka na kukutana juu ya paji la uso. Kwa dume kijana sehemu hiyo ina rangi ya kijivu inayoelekea uwaridi, na ukingo wake ni laini kama ukucha wa mtoto aliyezaliwa juzi. Katikati kuna ufa mpana wenye manyoya. Miaka inavyokwenda manyoya hupotea, ukingo unakauka, na shina linakuwa gumu, jeusi, lenye mikwaruzo na nyufa. Kwa kawaida hilo halikamiliki kabla ya miaka 7 au 8. Shina likiwa bado laini, simruhusu mgeni kuinua bunduki, hata pembe zikipita masikio kwa shubiri mbili.

Hapa ndipo matope yanapotudanganya. Mbogo anapenda kugaagaa, na tope likikauka kichwani huziba ule ufa, hufunika manyoya, na kijana wa miaka mitano anaonekana mzee mwenye kofia ya chuma. Mwanga wa jioni nao hufanya vivyo hivyo. Dawa yake ni subira: tunakaa na darubini mpaka ageuke, ainamishe kichwa kula, au ajisugue kwenye mti tope likabanduka. Mara nyingi upepo unageuka kabla ya hapo, kundi linatimka na sisi tunarudi kambini mikono mitupu. Mgeni ananuna. Mimi huwa sinuni.

Mwili pia husema. Mzee ana shingo nene na ngozi inayoning'inia chini ya koo, mifupa ya nyonga imechomoza, manyoya ya usoni yamepukutika, masikio yamechanikachanika. Wasoma nyayo wetu huanza kumjua hata kabla ya kumwona. Madume wazee hujitenga na kundi kubwa wakaishi wawili, watatu, wanne, karibu na mto au bwawa, hawaendi mbali. Kwa hiyo ukikuta nyayo chache pana, zenye kingo zilizolika, zikitoka majini alfajiri kuelekea kichakani, hizo zinastahili kufuatwa. Nyayo za mbogo mia mbili zimekanyagana na za ndama tunazipita tu. Ndani ya kundi kubwa wapo madume wazuri, sikatai, lakini kumkagua mmoja vizuri huku macho mia moja yanakutazama ni kazi ya bahati. Isitoshe, risasi ikipita kwenye mwili wa dume inaweza kumpata jike aliye nyuma yake.

Hukumu ya mwisho hutolewa na meno. Baada ya kuchuna tunasafisha taya la chini na kutazama gego la kwanza, ambalo huota mapema na hivyo ndilo linalolika zaidi. Likiwa tambarare na laini, tulichagua vyema. Wataalamu wa maabara huweza pia kukata jino na kuhesabu tabaka za saruji ya mzizi, zinazojengeka mwaka hadi mwaka, jambo lililo sahihi zaidi kuliko jicho la mtu yeyote, langu likiwemo. Ningependa kila kambi itunze mataya yake yote kwa mpangilio, maana kwenye picha za mitandaoni kila mbogo ni mzee.

Watu huniuliza kama hili ni sawa na Wamarekani wanavyochagua kulungu wao wa mkia mweupe. Nia ni ile ile, ila kulungu yule huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, kwa hiyo idadi ya matawi haikupi umri. Wao pia hurudi kwenye mwili: tumbo, mgongo, shingo, miguu inayoonekana mifupi.

Kwa simba sababu ni nzito zaidi. Dume mgeni akitwaa kundi huua watoto wa aliyemtangulia ili majike warudi kwenye joto mapema. Ukimpiga dume mwenye watoto wadogo, umeua na watoto hao. Utafiti wa Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao, uliochapishwa 2004 kwa kutumia kumbukumbu za Serengeti, ulionyesha kwamba madume wakiachwa mpaka wamekwisha lea, uwindaji hauangushi idadi. Ulionyesha pia kwamba pua huweza kusomwa, kwa kuwa weusi wake huongezeka na umri na kufikia karibu nusu kwenye miaka mitano. Kanuni za Tanzania sasa zinataka simba dume awe na miaka 6 au zaidi. Mgeni huwa na siku 21 za kumpata, na siku ya 19 ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu hapo kila pua huanza kuonekana nyeusi. Nafurahi kuwa askari wa wanyamapori yuko nasi siku hiyo.

Lakini msichukue kanuni hii ya "piga mzee" mkaipeleka kwa kila mnyama. Kwa ndovu inageuka. Watafiti Joyce Poole na Cynthia Moss walieleza mwaka 1981, kutokana na kazi yao Amboseli, Kenya, kipindi ambacho ndovu dume hutiririka majimaji shavuni na kutafuta majike kwa nguvu zote. Wanaokaa muda mrefu katika hali hiyo, na kuzalisha zaidi, ni wale waliopita miaka 35. Yaani mzee wa ndovu ndiye aliye kazini, na vijana humfuata wakijifunza njia na adabu. Ndiyo maana, kuanzia mwishoni mwa 2023, ndovu madume wenye pembe kubwa wa jamii hiyo ya Amboseli walipouawa upande wetu wa mpaka, Enduimet kaskazini mwa Tanzania, Wakenya, ambao walipiga marufuku uwindaji tangu 1977, walikuja juu, na mimi nilikuwa upande wao. Vibali vilikuwepo. Hata hivyo, mgeni akiniletea kibali cha namna hiyo, nitamtafutia mwindaji bingwa mwingine.