Kulainisha koo si kutunza sauti

Kwaya nyingi za Nairobi, dakika chache kabla ya kuingia kuimba, huzungusha thamosi ya dawa: tangawizi, ndimu, asali na maji ya moto. Sina ugomvi na kinywaji hicho, ni kizuri na kinapendeza asubuhi ya baridi ya Julai. Ninachopinga ni maneno yanayoandamana nacho: "Kunywa, itapaka nyuzi sauti." Nimeyasikia mara nyingi mno, hata kwa walimu wa kwaya, na waimbaji wachanga huyabeba kama yalivyo.

Kulainisha koo ni kutuliza mwasho na ukavu wa koo kwa kitu unachomeza au kumung'unya. Maana yake inaishia hapo. Kutunza sauti ni kazi nyingine kabisa, na inafanyika mahali pengine, ingawa mahali hapo ni jirani.

Jirani huyo ni zoloto, kiungo cha kooni chenye nyuzi sauti. Aliyesoma fonetiki shuleni analikumbuka: weka vidole juu ya koo, vuta z kwa muda, kisha vuta s. Mtetemo unaouhisi kwenye z na kuukosa kwenye s ni wa nyuzi sauti, na ndio unaoifanya z kuwa sauti ghuna. Zinaitwa nyuzi, lakini ni mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa utando laini, na kwa mwanamke mzima urefu wake haufiki sentimita mbili. Mwimbaji akishika ile noti A ambayo wapiga ala husawazishia vyombo vyao, mikunjo hiyo hukutana na kuachana mara 440 kila sekunde.

Sasa angalia ilipo. Imelala juu ya bomba la pumzi. Njia ya chakula ni umio, nao uko nyuma yake. Shika koo umeze mate: utahisi zoloto likipanda. Wakati huo huo nyuzi sauti zinajifunga kabisa, kidakatonge, yaani kifuniko cha zoloto, kinainama juu yake, na ulichomeza kinapita kwenda umioni. Mwili mzima unashirikiana ili asali yako isiguse nyuzi sauti hata kidogo. Tone moja tu likipotea njia, unapaliwa, unakohoa mpaka machozi yakutoke. Dawa ingezifikia nyuzi kweli, hakuna kwaya ambayo ingeimba.

Jambo hili lingepaswa kuwa la kawaida kwa waimbaji, maana mwimbaji mwenzetu ndiye aliyetuonyesha. Mwaka 1854 Manuel García, Mhispania aliyekuwa mwalimu wa uimbaji, aliingiza kioo kidogo cha daktari wa meno nyuma ya ulimi wake, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Hakuwa daktari, alitaka kujua anafundisha nini.

Kinachozifikia nyuzi sauti ni hewa unayovuta na damu inayozilisha. Maji yanasaidia sana, lakini kwa kuzunguka: yapite tumboni, yaingie kwenye damu, ndipo tezi zitoe ute mwepesi wa kuzilowesha. Hilo huchukua muda, kwa hiyo maji ya kuimbia ibada ya asubuhi ni yale uliyoanza kunywa jana, wala si chupa unayoimaliza mlangoni. Mvuke ndio unaofika moja kwa moja, kwa kuwa unavutwa na pumzi. Kujifukiza maji matupu kunatosha, bakuli likiwa limetulia mezani na watoto wakiwa mbali, maana maji hayo huunguza vibaya. Januari na Februari, Nairobi ikiwa kavu na vumbi limetanda, hilo lina faida kuliko thamosi nzima.

Mbona ninashikilia tofauti hii? Kwa sababu inaumiza watu. Sauti imempwea mtu Ijumaa, anamung'unya peremende za mentholi, koo linapoa, anadhani amepona, anaimba kesha usiku kucha. Peremende imetuliza koo, lakini nyuzi bado zimevimba, na sasa zimegonganishwa saa kadhaa tena. Tabia hiyo ikirudiwa, vinundu huota juu yake. Tena ndimu nyingi, au nyama choma ya saa nne usiku kisha kitanda, kwa mwenye kiungulia huweza kupandisha asidi ya tumbo mpaka kwenye zoloto, na hapo ule ukwaruzo wa asubuhi hauishi.

Kutunza sauti hasa hakunyweki. Ni kutopayuka ndani ya matatu yenye muziki mkubwa, ukisubiri mshuke ndipo mzungumze. Ni kuacha kukohoakohoa kusafisha koo kabla ya kila wimbo, kwani kila kikohozi kinazigonga nyuzi kwa nguvu. Meza mate au piga funda la maji. Ni kunyamaza sauti ikichoka, na kunong'ona si kunyamaza, kwa wengi ni kuikaza zaidi. Na sauti ikiwa imepwea wiki tatu bila kurudi, ni kumwona daktari wa masikio, pua na koo, aziangalie nyuzi zenyewe.

Basi mwenzako akikupa kikombe cha dawa, pokea, mshukuru, unywe. Akisema kinalainisha koo, amesema kweli. Akisema kinapaka nyuzi sauti, mwambie taratibu aweke vidole kooni, ameze mate, na ahisi mlango ukifungwa.