Huaqiao si kila Mchina wa ng'ambo

Wiki iliyopita nimelisikia tena neno hili la Kichina, huaqiao, kwenye mazungumzo ya redioni. Mchambuzi anasema robo tatu ya watu wa Singapore ni huaqiao, "yaani walowezi wa Kichina". Makosa mawili kwa mkupuo mmoja.

Huaqiao ni raia wa China aliyeweka makazi nje ya nchi yake. Basi. Akishachukua uraia wa nchi nyingine huitwa huaren, na vizazi vyake waliozaliwa huko ni huayi.

Hua ni China, hilo halina ugomvi. Kazi iko kwenye qiao. Wapo walionieleza kwa uhakika kabisa kwamba maana yake ni daraja, eti Mchina wa ng'ambo anaunganisha nchi mbili. Neno la daraja lipo, na hutamkwa vilevile, ila herufi yake ina alama ya mti ubavuni. Hii yetu ina alama ya mtu, na maana yake ni kukaa ugenini kwa muda. Karne ya 4, vita vilipowafukuza watu wa kaskazini wakavuka mto Yangtze, utawala wa kifalme wa Jin, uliokuwa umehamia kusini, uliwaandikisha katika wilaya za qiao, zilizopewa majina ya kule walikotoka. Miguu iko kusini, daftari linasema kaskazini. Wengi hawakurudi kamwe.

Sasa liweke kando ya neno letu lowea. Mlowezi ni mtu aliyefika mahali akapazoea hata hana tena habari ya kuondoka. Kumwita huaqiao mlowezi ni sawa na kumwita mpangaji mwenye nyumba.

Jina huaqiao lenyewe lilishika mwishoni mwa karne ya 19, serikali ya Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme wa China, ilipoanza kuwahesabu walioko ng'ambo kuwa watu wake. Kabla ya hapo aliyeondoka bila ruhusa alihesabiwa mkosaji. Marufuku hiyo ilifutwa rasmi 1893. Sheria ya uraia ya 1909 ikafuata damu: baba Mchina, mtoto Mchina, popote alipozaliwa. Na kwa makuli na wachuuzi wa Penang au Bangkok, jina liliwakaa. Tazama qiaopi zao, barua zilizosafiri pamoja na fedha hadi vijiji vya Chaozhou, kusini mwa China: kiasi kimeandikwa kwa wino juu ya bahasha, na mama huko nyumbani anarudisha barua fupi ya kusema zimefika. Huyo mtumaji ndiye qiao hasa, mwili Bangkok, hesabu kijijini.

Mambo yalibadilika Aprili 1955 huko Bandung, waziri mkuu wa China Zhou Enlai alipotia saini na Indonesia mkataba wa kuwataka wenye uraia wa nchi mbili wachague mmoja. Sheria ya uraia ya China ya 1980 ikamalizia: uraia pacha hautambuliwi. Wanasiasa wa Kusini-Mashariki mwa Asia wanalijua vizuri neno hili, maana kumwita raia wako huaqiao ni kumwambia hapa si kwenu.

Kwa hiyo, ndugu mchambuzi, Msingapore ambaye babu yake alishuka bandarini 1920 ni huaren, au huayi ukipenda. Huaqiao mtafute Kariakoo: ana duka, ana pasipoti ya China, na kila ukimuuliza anakwambia mwakani anarudi kwao. Huu mwaka wa kumi.