Diski ya kompyuta kuukuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayepeleka laptopu yake kuuza Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, ukimuuliza kuhusu faili zake huwa na jibu tayari: "Nimeshafuta kila kitu, hata pipa la taka nimelimwaga." Hatari inaanzia hapo. Ukifuta faili kwenye diski ya sahani zinazozunguka, maandishi yenyewe hayaguswi. Kinachoondolewa ni rekodi inayoeleza faili iko wapi, na nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, programu ya bure ya kurejesha faili inaweza kuitoa nzima.

Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, watafiti wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, walichapisha matokeo ya kununua diski kuukuu 158. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizosafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta barua za matibabu na maelfu ya namba za kadi za benki.

"Mimi nilifomati." Fomati ya haraka haina tofauti kubwa na kufuta, kwani inaandika upya orodha ya faili na kuacha mengine yote yalivyo. Fomati kamili ndiyo yenye nguvu: tangu Windows Vista, huandika sifuri diski nzima.

"Lazima uandike juu yake mara 35." Namba hiyo ilitoka kwa Peter Gutmann mwaka 1996, alipokusanya mbinu za kukabili aina nyingi za diski za wakati ule, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuna diski moja inayozihitaji zote. Kwa diski ya sahani ya siku hizi, mara moja inatosha. Diski ya terabaiti moja inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde humaliza kwa saa mbili hivi. Mara 35 ni karibu siku tatu, na ninaamini hofu ya kazi hiyo ndefu ndiyo inayowafanya wengi wasianze kabisa.

SSD, yaani diski isiyo na sahani inayohifadhi data kwenye chipu, ina mambo yake. Ndani yake kuna nafasi za akiba usizoziona, na chipu inayoiongoza huhamisha maandishi huku na huko ili chembe za kuhifadhi data zisichakae upande mmoja. Kwa hiyo ukiandika sifuri kote, vipande vya zamani vinaweza kusalia. Tumia amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya SSD yenyewe. Watengenezaji wengi hutoa programu ya kuiendesha. Bora zaidi, washa BitLocker (ya Windows) au LUKS (ya Linux), zinazofunga data yote kwa msimbo wa siri, siku unapoanza kutumia kompyuta. Ufunguo wa msimbo huo ukifutwa, kilichobaki hakisomeki.

Na kuipitisha sumaku ya spika juu ya diski? Haiondoi kitu kwenye SSD, na kwa diski ya sahani ni dhaifu mno.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni hii: "Mimi si mtu mkubwa, nani atahangaika na faili zangu?" Fikiria kompyuta ya saiba mtaani, Githurai au Kayole. Imeskani vitambulisho vya mtaa mzima, vyeti vya PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha za pasipoti. Mwenye saiba akiiuza hivyo hivyo, si siri zake anazouza. Waliomwamini hawataulizwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data isiyohitajika tena ifutwe, na faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kutegemea ipi ni ndogo. Mimi hata bila faini ningemtaka asubiri hizo saa mbili.

Wapo wanaokimbilia nyundo. Diski inayofanya kazi isivunjwe. Ikisafishwa vizuri, mwanafunzi ataitumia miaka mingi. Nyundo iachie ile iliyokufa, kwa sababu bodi ikiungua sahani hubaki na kila kitu, na mtaalamu anaweza kuzisoma. Zivunje sahani zenyewe, kisha mabaki yapeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki, kama WEEE Centre hapa Nairobi.

Kabla hujamkabidhi mnunuzi diski, endesha mwenyewe programu ya kurejesha faili. Ikitoa hata picha moja, usiiuze bado: rudia kazi.