Njeo ina kiti chake: kwa nini "Did she go?" na si "Did she went?"

Kila muhula sentensi hii hunirudia mezani, imeandikwa na vijana wanaosomea ualimu wa Kiingereza: "She did not went to the market." Nikiuliza kosa liko wapi, darasa zima hujibu kwa sauti moja kwamba baada ya "did" kitenzi hakibadiliki. Ni kweli. Nikiuliza kwa nini hakibadiliki, wanainama kwenye madaftari.

Swali hilo ndilo linalonifanya niipende sintaksia, elimu ya muundo wa sentensi. Wengi walikutana nayo sekondari kama mchoro wa matawi: unachora S (sentensi), unashusha KN (kirai nomino) na KT (kirai kitenzi), unapata alama zako, basi. Hakuna aliyewaambia kwamba kila tawi ni dai, na kwamba dai linaweza kupimwa kwa data.

Tuchukue "walked". Kwa macho ni neno moja. Katika uchanganuzi ulioanzia kwa mwanaisimu Noam Chomsky, kwenye kitabu chake Syntactic Structures cha mwaka 1957, hapo kuna vitu viwili vilivyokutana: kitenzi "walk" na njeo, yaani alama ya wakati, hapa wakati uliopita. Nadharia za baadaye zikaipa njeo nodi yake yenyewe, yaani kiti chake kwenye mti ule wa matawi, nje ya kirai kitenzi (kitenzi pamoja na maneno yanayokitegemea). Nodi hiyo iko juu ya kirai hicho, baada ya kiima, palepale wanapokaa "will", "can" na "must". "Will" ni neno kamili, hivyo hujisimamia. "-ed" ni kiambishi, lazima kipate shina la kushikamana nalo, kwa hiyo hukutana na kitenzi kilicho jirani.

Utajuaje kwamba kweli njeo iko nje? Kihamishe kirai kitenzi uone nini kinabaki. "She said she would win the race, and win the race she did." Kirai kizima, "win the race", kimepelekwa mbele. Kama njeo ingekuwa sehemu yake, ingeondoka nacho, nasi tungesema "and won the race she". Hakuna Mwingereza anayesema hivyo. Njeo imeachwa nyuma peke yake, kiambishi bila shina, ndipo "do" anapoletwa kuibeba. "Did" ya namna hii haina maana ya kutenda chochote. Ni mbeleko tu ya njeo.

Sasa turudi kwa "She did not go". "Not" imekaa kati ya njeo na kitenzi, ikakata ujirani wao. Njeo haiwezi tena kukifikia kitenzi, "do" inaitwa, inakuwa "did", na "go" inabaki kama ilivyo kwa sababu njeo ya kishazi hiki ni moja na imeshabebwa. Kuandika "did not went" ni kuitamka njeo ileile mara mbili. Angalia pia "She never went", ambayo ni sahihi kabisa ingawa nayo inakanusha. "Never" ni chagizo, neno la kuongeza maelezo kwa kitenzi, lililopachikwa kwenye kirai kitenzi, kama "often", na chagizo halizuii njia. "Not" ina nodi yake katika uti wa mti. Maneno mawili ya kukanusha, nafasi mbili tofauti, matokeo mawili tofauti.

Wanafunzi huniuliza kama kosa hili linatokana na Kiswahili. Kwa kiasi fulani naona linaweza. Sisi husema "alikuwa anasoma", vitenzi viwili, kila kimoja na kiambishi chake cha kiima na alama yake ya wakati au hali. Mtu aliyezoea hivyo haoni ajabu kuweka wakati uliopita mara mbili. Lakini watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza nao hupitia hatua ya kusema "I didn't broke it", kwa hiyo tusilitupie lugha mama kila lawama. Tena Kiswahili kingeweza kutusaidia. Kwetu njeo inaonekana wazi, a-li-soma, a-ta-soma, kipande kinachojitenga na mzizi. Mwalimu akianzia hapo, nusu ya kazi imekwisha.

Katika maswali, njeo hupanda ngazi moja zaidi, hadi nodi iliyo juu ya kiima, mahali pa viunganishi kama "if". Jozi ninayoipenda kuliko zote ni "If I had known" na "Had I known". Maana ni ileile. Lakini "If had I known" haiwezekani, kwa sababu kiti ni kimoja: ama "if" imekikalia, ama "had" imepanda ikakikalia. Nilipoliona hili kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nilikaa na karatasi ile usiku kucha nikitafuta sentensi ya kulivunja. Sikuipata.

Kiingereza hakikuwa hivi siku zote. Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hukuta "lovest thou me?", ambayo leo ni "do you love me?" Zamani kitenzi chenyewe kilipanda kuifuata njeo, kama kinavyofanya Kifaransa hadi leo: "Marie mange souvent du pain", kitenzi kabla ya chagizo. Kiingereza cha sasa kinadai "Mary often eats bread", kitenzi kikiwa kimebaki chini. Mwanaisimu Jean-Yves Pollock aliieleza tofauti hii mwaka 1989, na makala yake bado naipa darasa.

Juzi binti mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza: kama kila swali linahitaji "do", mbona tunasema "Who saw Asha?" na si "Who did see Asha?" Nikampa chaki achore. Alianza na "Who did Asha see?": njeo imepanda, "Asha" amebaki katikati, ujirani na "see" umekatika, ndiyo maana "did" ipo. Kisha akachora "Who saw Asha?" Akatafuta kitu kinachokaa kati ya njeo na kitenzi, akaupitia mti tawi kwa tawi. Hakikuwepo. Akaandika "saw" chini ya mti, akarudi kuketi.