Mtoto na Moto wa Nyumbani: Afundishwe Kutoka, Asijifiche

Kila shule zinapokaribia kufungwa, ofisi yetu ya elimu kwa umma ya zimamoto hupokea maswali yale yale: ninunue mtungi gani wa kuzimia moto, na mtoto aanze kufundishwa kuutumia akiwa na umri gani? Mtungi ni jambo jema, na watu wazima wa nyumba wajue kuutumia. Kwa mtoto jibu letu ni fupi. Hazimi moto. Anatoka.

Askari wa zimamoto wanaoingia kupekua nyumba inayoungua hukagua mapema sehemu ambazo mtu mzima hawezi kujibanza: uvungu wa kitanda, ndani ya kabati, nyuma ya makochi. Mtoto mdogo akiogopa hujificha, na kama moto umeanzia kwenye kiberiti alichokuwa akichezea, huenda akaogopa kichapo kuliko moto wenyewe. Kwa hiyo mwambieni mapema, na mrudie mara kwa mara: "Ukiona moto, hata kama umeuwasha wewe, toka mbio utuite. Hakuna atakayekupiga." Wapo wazazi wanaotujibu kwamba huko ni kumdekeza mtoto. Tunawaomba sana waache hoja hiyo. Kiberiti kiwekwe juu, asikofika. Maonyo mengine yangoje watu wote wakiwa nje.

Moshi ndio unaoua wengi, mara nyingi kabla moto haujawafikia. Una sumu, unalewesha, na hupanda juu kwanza, kwa hiyo hewa inayofaa hubaki karibu na sakafu. Mtoto atambae. Akifika kwenye mlango uliofungwa, auguse kwa mgongo wa kiganja; ukiwa na joto asiufungue, aende njia ya pili. Akipita mlango, aurudishie nyuma yake, maana mlango uliofungwa huchelewesha sana moto na moshi. Nguo zikishika moto asikimbie: asimame, alale chini, abingirike huku amefunika uso.

Hiyo njia ya pili ndiyo inayotupa taabu. Watu hutuonyesha dirisha lenye nondo zilizochomelewa ukutani na kutuambia ndiyo njia ya dharura. Dirisha hilo halitoki mtu. Nondo ziwe na sehemu ya kufunguka kwa ndani, na kama kuna kufuli, ufunguo ukae karibu, sehemu moja isiyobadilika, ambayo hata mtoto anaijua gizani.

King'ora cha moshi kifungwe, lakini msikitegemee kumwamsha mtoto. Katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, watoto 34 walipigiwa king'ora mara kadhaa wakiwa usingizini. 27 hawakuamka hata mara moja. Kwa hiyo kila mtoto awe na mtu mzima anayejulikana kwa jina kwamba ndiye wa kumfuata chumbani, na mtu huyo asipokuwepo nyumbani, ijulikane nani anashika nafasi yake.

Kisha fanyeni zoezi, angalau mara mbili kwa mwaka, na moja liwe usiku taa zikiwa zimezimwa. Chagueni sehemu moja ya kukutania nje, mbele ya nyumba, mhesabiane hapo. Mtoto akishatoka, harudi ndani kwa ajili ya mdoli, paka wala ndugu yake. Amtaje aliyebaki kwa mtu mzima au kwa askari. Mwonyesheni pia picha ya askari aliyevaa barakoa na mtungi wa hewa mgongoni, na mwigizieni ule mkoromo wa kupumua kwake. Mtoto asiyewahi kumwona humkimbia.

Kuna lawama tunayoizoea: "Zimamoto walikuja bila maji." Gari la kawaida hubeba lita elfu chache, na mpira mmoja unaweza kumaliza lita 2,000 kwa dakika tano hivi. Maji yalikuwemo, yameisha. Tunalitaja hapa kwa sababu mpango wa familia usijengwe juu ya kungoja gari.

Mtoto ajue namba ya dharura ya nchi yake na jinsi ya kueleza anakoishi kwa alama zinazoonekana. Atapiga akiwa nje. Mpokeaji atauliza mahali, kinachoungua, waliobaki ndani na namba ya anayepiga. Asikate simu mpaka aambiwe. Kupiga kwa mzaha ni kosa la jinai katika nchi nyingi, adhabu yake faini, kifungo au vyote viwili. Namba hufuatiliwa, na mtoto akikutwa amepiga, anayeitwa kujieleza ni mzazi. Aliyeona moshi akapiga kwa nia njema, hata ikabainika ni takataka zinachomwa, hana kosa.

Shule zinazotaka mafunzo ziandike barua kwa mkuu wa kituo cha zimamoto kilicho karibu, ikiwa na sahihi ya mwalimu mkuu, idadi ya wanafunzi, umri wao na tarehe mbili za kuchagua. Barua isiyo na idadi hurudishwa.